Ua Lisilofumbwa: Magnolia ya Imogen Cunningham

Mshairi wa mwambao akilitaja ua, msikilizaji wake haulizi ni ua gani. Keshajua kwamba anayesemwa ni mtu. Kwamba bustani ni nyumba ya wazee wake, nyuki ni mchumba, na mwiba ni jirani mwenye kijicho. Desturi hiyo ni kongwe, imezaa tungo njema zisizo idadi, wala hapana sababu ya kuionea haya. Lakini ndiyo hiyo inayomtia tabuni mpenzi wa tungo hizo pale anapowekewa mbele yake picha iitwayo «Magnolia Blossom», yaani ua la magnolia, aliyoipiga Imogen Cunningham huko California mwaka 1925. Mtazamaji hulikodolea macho ua akimtafuta mtu aliyefumbwa humo. Hamwoni. Ua limeijaza picha nzima, wala halikuacha pembe ya kumficha mtu.

Ni picha ya nyeupe na nyeusi. Haina bustani, haina chombo cha maua, haina mkono wa mpendwa anayelipokea. Petali zimetanda hadi kwenye kingo za karatasi, na katikati yake pamesimama kile ambacho wapenda maua wengi hawakitazami kamwe: mnara mfupi ulioota vikulabu vilivyojikunja, na chini yake duara la nyuzi nene za chavua. Ukike wa ua uko juu, uume wake uko chini, na vyote viwili vimewekwa wazi mbele ya macho kwa utulivu ambao hauna haya na hauna ufidhuli. Mwanga unapita juu ya petali polepole. Mahali unang'aa, mahali unafifia ukawa kijivu, na penye mikunjo kinakaa kivuli chepesi ambacho ndicho kinacholipa ua unene wake. Ondoa kivuli hicho, litabaki doa jeupe.

Ajabu ya kwanza ya picha hii ni kwamba imemnyima mtazamaji vitu viwili ambavyo kwavyo ua hujulikana: rangi na harufu. Kwa watu wa pwani upungufu huu ni mkubwa zaidi, maana maua yao makuu ni maua ya pua kabla ya kuwa maua ya macho. Asumini, kilua, mkadi, langilangi: haya huvishwa shingoni, hutiwa kwenye kikuba pamoja na mrehani, hutandazwa kitandani, huwekwa baina ya nguo sandukuni. Ni nani aliyewahi kulisogeza asumini karibu na jicho ili alihesabu petali? Hulisogeza karibu na pua, akafumba macho. Kwa hiyo mtu aliyekulia katika desturi hiyo akiikabili magnolia ya Cunningham huwa kama aliyeingizwa katika nyumba aizoeayo kwa mlango wa nyuma.

Na mlango wa nyuma ndio uliomtoa Cunningham mwenyewe. Alizaliwa Portland, katika jimbo la Oregon, mwaka 1883. Alisoma kemia katika Chuo Kikuu cha Washington, akawa anajilipia masomo kwa kuwapigia picha za mimea walimu wa botania. Kisha akaenda Dresden, Ujerumani, mwaka 1909, kuongeza elimu ya kemia ya upigaji picha. Aliporudi alifungua studio yake Seattle, na jina lake lilianza kusikika kwa picha za watu zenye ukungu wa kindoto, namna iliyopendwa zama hizo. Mwaka 1915 akaolewa na mchoraji Roi Partridge. Kufikia mwaka 1917 alikuwa na watoto watatu wa kiume, wawili kati yao pacha, na familia ikahamia California. Studio ikafungwa. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba alielekea kwenye mimea kwa kuwa hakuweza kutoka uani kwake wakati wanawe walipokuwa wadogo.

Uani. Kiswahili kimeuweka ua wa nyumba na ua la bustani katika tamko moja, na huenda hakuna lugha inayofaa zaidi kuisimulia kazi hii. Mwanamke aliyefungiwa ndani ya ua akaliona ua. Wapo wanaoipamba habari hiyo ikawa hadithi ya subira yenye malipo mema, nao wanakosea. Ua ulikuwa kizuizi, na mwanamke mwenye elimu na kipaji kama chake alistahili dunia pana kuliko ile. Wanawake wa mwambao, ambao wengi walitunga mashairi yao nyuma ya kuta za mawe, wanaijua hali hiyo kuliko wahakiki wa Marekani. La kutazamwa ni namna kizuizi kilivyoingia ndani ya picha yenyewe. Picha za Cunningham za miaka ile hazina upeo wa macho. Hazina mbingu wala njia inayokwenda mbali. Zina kitu kimoja kilicho karibu, na mtu mwenye dakika chache kabla mtoto hajalia.

Dakika chache hizo zilikuwa ghali, na hapa inafaa kusema kidogo juu ya ufundi, maana bila ya kuujua mtu anaweza kudhani kwamba kulipiga picha ua kwa karibu ni jambo jepesi. Kamera ikisogezwa karibu, lenzi nayo hulazimika kusogezwa mbali na filamu. Ua likitakiwa lionekane juu ya filamu kwa ukubwa wake halisi, umbali huo huwa mara mbili ya kawaida, na mwanga unaohitajiwa huwa mara 4. Tena ukaribu una adhabu nyingine: sehemu inayoonekana barabara huwa nyembamba mno, hata ukiulenga ule mnara wa katikati, petali za nyuma hupotea katika ukungu. Dawa yake ni kulibana tundu la lenzi. Lakini tundu likibanwa, mwanga unapungua tena, na asiyetumia taa ya studio hubakiwa na njia moja tu, kuiacha lenzi wazi muda mrefu zaidi. Hapo ndipo unapokuja upepo. Upepo usiotosha kutikisa pazia unatosha kuharibu kazi ya asubuhi nzima.

Basi anayetumia mwanga wa jua amejifunga kwa sharti ambazo mtunzi wa mashairi atazitambua mara moja. Hana hiari ya kuongeza mizani pale neno linapomzidi. Jua la adhuhuri hufuta kila alama juu ya ua jeupe na kuweka kivuli cheusi kama wino chini yake. Wingu jembamba huusambaza mwanga ukaingia kila mkunjo. Jua la alasiri hutoka ubavuni na kuonyesha hata vinyweleo. Cunningham hakuuumba mwanga huo. Aliungoja, akauchagua, na kazi kubwa ya kuchagua ilikuwa kukataa. Miaka 7 baada ya magnolia, mwaka 1932, yeye na wenzake akina Edward Weston na Ansel Adams waliunda kundi lililojiita f/64, jina lililotokana na kipimo cha tundu dogo kabisa la lenzi, wakafanya maonyesho yao ya kwanza San Francisco wakitangaza kwamba picha iwe kali na safi, bila ya kuiga michoro. Tangazo hilo limepata umaarufu mkubwa. Hata hivyo, kwa upande wa Cunningham lilikuja kuthibitisha jambo ambalo ua wa nyumba yake ulikwishamfundisha.

Ili thamani ya kazi hii ionekane, yafaa iwekwe kando ya kazi ya mtu mwingine wa zama zake. Karl Blossfeldt, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1865, alifundisha katika skuli ya sanaa za mikono mjini Berlin kwa muda wa zaidi ya miaka 30. Alipiga maelfu ya picha za mimea kwa kamera aliyojitengenezea, akiikuza sura ya kitu hata mara 30, ili wanafunzi wake wapate vielelezo vya kuchora na kufinyanga. Naye hakutumia taa. Alitumia mwanga laini wa dirishani. Mwaka 1928 zilitoka picha zake 120 katika kitabu «Urformen der Kunst», yaani maumbo ya awali ya sanaa, na Walter Benjamin akakisifu mwaka uleule. Mwaka 1929, katika maonyesho makubwa ya Stuttgart yaliyoitwa «Film und Foto», kazi za Blossfeldt na za Cunningham zilikuwa chini ya dari moja.

Wote wawili walisogea karibu. Wote wawili walitumia mwanga wa Mungu. Lakini walichokileta ni vitu viwili mbalimbali. Jimbi changa la Blossfeldt lililojikunja linamfanya mtazamaji aseme, hii ni fimbo ya askofu. Shina lake linakuwa nguzo ya msikiti, jani lake linakuwa kazi ya mhunzi. Mmea umekatwa, umepunguzwa majani yaliyozidi, umesimamishwa mbele ya karatasi ya kijivu, na mwanga ulio sawa pande zote umeuondolea saa ya siku. Haijulikani kama ni asubuhi au jioni, wala kama mmea umekatwa leo au juzi. Ni kazi ya kustaajabisha, tena yenye adabu ya kisomi. Ila jina la kitabu limeitoa siri yake: Blossfeldt alikuwa akitafuta sanaa ndani ya mmea, kama mshairi wa pwani anavyomtafuta mtu ndani ya ua. Naye ni mfumbaji, ingawa fumbo lake ni la chuma na mawe.

Magnolia ya Cunningham ina saa. Ua la mti huo, ambao asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani, laweza kufikia upana wa sentimita 30, na maisha yake ni siku chache tu. Siku ya kwanza vikulabu vya juu viko tayari kupokea chavua ya ua jingine na nyuzi za chini bado zimekumbatiana. Baadaye zamu hugeuka, nyuzi hulegea na kuanza kudondoka. Petali zake haziwezi kushikwa hovyo, maana kila alama ya kidole hugeuka kahawia. Ua la namna hiyo haliwezi kusimamishwa mbele ya karatasi ya kijivu kwa wiki nzima likingoja darasa. Mpigaji ama amewahi, ama amechelewa. Mtazamaji asiyejua hata neno moja la botania huihisi haraka hiyo iliyofichwa ndani ya utulivu, na pengine ndiyo maana picha hii, ambayo haimlilii mtu wala haimsifu mtu, huwagusa watu kuliko picha nyingi za nyuso.

Kuna wanaosema kwamba kusema hivi ni kujifanya kipofu, kwamba ua lile ni mwili wa mwanamke, na kwamba kila mtu anauona isipokuwa mwenye haya. Hoja hii si ngeni. Mchoraji Georgia O'Keeffe, ambaye alianza kuchora maua makubwa miaka ileile ya 1920, alisumbuliwa nayo maisha yake yote na aliikanusha hadi mwisho. Kwa magnolia jibu ni jepesi: ua ni kiungo cha uzazi kwa hakika, hakuna fumbo hapo. Mti una viungo vyake na mwanadamu ana vyake, na kufanana kwao hakumfanyi mmoja awe jina la mwingine. Anayekimbilia kusema «mwili» huwa ameondoka kwenye picha kabla hajafika.

Picha ya «Two Callas», ya miaka hiyohiyo, inaonyesha jambo hili vizuri zaidi, ingawa kama picha iko chini ya magnolia kwa daraja moja. Maua mawili ya kala yameinamiana juu ya kiza, meupe, laini, yenye mkunjo mmoja mrefu. Yamepangika mno, uzuri wake unajijua. Lakini mmea wenyewe una funzo. Kala, ambaye asili yake ni kusini mwa Afrika, hana petali. Kile kitambaa cheupe ambacho kila mtazamaji hukiita ua ni jani lililogeuka rangi, na maua yenyewe ni vitone vidogo vidogo vilivyobanana juu ya kijiti cha katikati, ambavyo hakuna anayevisifu. Ni washairi wangapi wamemlinganisha mpenzi na ua, wakamsifu kwa kitu ambacho kumbe ni jani? Kamera haikulisema hilo. Ilikaa karibu tu kwa muda wa kutosha hata mwenye kutaka kujua akaweza kuuliza.

Mahali ambapo Cunningham mwenyewe aliteleza ni kwenye jina. Picha nyingine ya magnolia, ya mwaka 1925, inausogelea zaidi ule mnara wa katikati hadi petali zinakuwa nuru ya nyuma tu, na picha hiyo inaitwa «Tower of Jewels», yaani mnara wa vito. Ndilo jina la jengo lililosimamishwa San Francisco kwa maonyesho ya dunia ya mwaka 1915, likapambwa kwa vipande vya kioo zaidi ya 100,000 vilivyomeremeta juani. Kwa aliyeliona jengo lile huenda jina lilikuwa tamu. Kwa mwengine yeyote limekuwa pazia: kabla jicho halijaanza kazi, limekwishaambiwa lione kito. Mfasiri akitaka kulihamishia jina hilo kwenye Kiswahili hupata tabu ya bure, maana analazimika kufasiri jengo lililobomolewa zamani, na ua limekaa pembeni likimngoja. «Magnolia Blossom» halina tabu hiyo. Linasema ni ua la magnolia, likanyamaza.

Je, haya yanawahusu nini watu wa vina na mizani? Yanawahusu kwa sababu ua limechoka katika ushairi wao. Katika tungo nyingi za siku hizi, ua huletwa kwa kuwa linahitajika kina cha kati au cha mwisho. Huwa «waridi» pale inapotakiwa «-di», na huwa «asumini» pale inapotakiwa «-ni», na beti zikibadilishana maua hayo hakuna msomaji atakayegundua. Wahenga wa fani hawakufanya hivyo. Aliyemfumba mtu kwa mkadi alijua kwamba mkadi hunukia ungali na majani yenye miiba, na fumbo lake lilisimama juu ya ujuzi huo. Aliyemfumba kwa kilua alijua uchache wake. Fumbo lilikuwa zito kwa kuwa kitu chenyewe kilijulikana kwanza. Watakuwepo wa kujibu kwamba mshairi si mkulima wa maua, na kwamba maana hukaa katika neno. Hilo ni kweli nusu. Neno lisilowahi kugusana na kitu huwa kama sarafu iliyopitia mikono mingi hadi sura ya mfalme imefutika: bado hununua, ila hakuna anayeitazama.

Na ule uchovu umeongezwa na simu. Kila asubuhi, khasa Ijumaa, mwambao mzima hutumiana picha za maua yenye matone ya umande na maneno ya kheri juu yake. Nyingi ni za karibu sana, maana simu za leo zinaweza kukaribia kitu kwa wepesi ambao Cunningham hakuuota. Rangi zake zimekolezwa hadi waridi limekuwa kama taa ya dukani. Nia yake ni njema na dua zilizomo zipokewe. Lakini ukaribu huo hauoni kitu. Ua limepigwa picha, likatumwa, likafutwa ili kupata nafasi ya jingine, na aliyelipokea hawezi kusema lilikuwa na petali ngapi. Kumbe kusogea karibu peke yake hakutoshi. Cunningham alikuwa na kamera nzito, filamu za kuhesabu, watoto mlangoni na ua linalokufa; vyote hivyo vilimlazimisha kuamua ni nini anachokitazama kabla ya kukipiga.

Yeye aliendelea kupiga picha hadi uzeeni. Alipokuwa na zaidi ya miaka 90 alikuwa akiwapiga picha wazee wenzake kwa ajili ya kitabu, na kitabu hicho, «After Ninety», kilitoka mwaka 1977, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Nyuso zilizomo humo zimetazamwa kama alivyozitazama petali, bila ya kuzionea huruma na bila ya kuzipamba.

Asumini bado halijapata mtu wake. Kazi hiyo itakuwa ngumu kuliko ya magnolia. Ua lenyewe ni dogo, halizidi upana wa vidole viwili, na kwa udogo huo lenzi itadai mwanga mwingi mno. Na mwanga ndio usiokuwepo. Tumba huchumwa jioni zingali zimefumba. Zilizosalia mtini hufunguka usiku, na jua likishapanda huanza kulegea na kudondoka. Anayetaka kulipata kwa mwanga wa asili, likiwa limefunguka na bado liko juu ya kikonyo chake, ana muda mfupi baada ya alfajiri, kabla ya upepo wa bahari kuamka, na lazima awe amekwishawaomba wenye nyumba wamwachie mti mmoja usichumwe.